Rangi Alizoziacha Binti

Asubuhi ile mpiga chapa alipowasha kompyuta ya dukani kwake, rangi ya zambarau ilikuwa imerudi.

Jana yake tu fundi alikuwa ameifuta. Mpiga chapa mwenyewe ndiye aliyemwita, maana moyo ulikuwa umemshinda. Mandhari ile, yaani rangi na picha za kioo cha kompyuta, ilikuwa kazi ya bintiye wa pekee, waliyempa jina la utani Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa kidevuni pake, na ambaye walimzika mvua zilipoanza. "Baba, Linux ni nyumba yako mwenyewe," alikuwa akisema juu ya mfumo aliomwekea kwenye kompyuta ile. "Ukikaa na kuta za kijivu, umependa." Akalipaka zambarau kila dirisha, akazigeuza aikoni zikawa duara kama vifungo vya gauni, na nyuma ya vyote akaweka picha aliyoichora mwenyewe: njia nyembamba ikikata majani. Wateja wakatania kwamba duka limeposwa.

Fundi alirudi, akafungua kabrasha la mandhari. Lilikuwa tupu.

"Mzee, nilifuta kila kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Hii rangi haitoki popote."

Akakunja nyaya zake. Hakudai nauli, na hakukanyaga tena pale.

Mama mtu aliposikia, alikuja dukani akavuta kiti. Yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Kidoti, hebu njoo. Kuna mtu njiani."

Mbali kabisa, mwisho wa ile njia ya pichani, palikuwa na doa. Kesho yake doa lilikuwa na miguu. Wiki haijaisha, likawa msichana aliyeinamisha kichwa, anakuja.

Tangu hapo mama hakubanduka. Chakula alicholetewa kilipoa mbele yake. Kadiri msichana alivyokaribia, ndivyo mama alivyopungua, hata bangili zikawa zinamponyoka mkononi. Duka likaanza kunukia mafuta ya nywele ya marehemu, na mpiga chapa akaivuta harufu ile kwa uchu, kisha ikamchafua roho, kwa kuwa chini yake palikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa. Adhuhuri moja umeme ulikatika mtaa mzima, feni ikasimama, printa ikanyamaza, lakini kioo cha kompyuta kiliendelea kuwaka zambarau usoni mwa mkewe, na katika kimya kile akasikia nyayo za mtu akitembea juu ya majani makavu, polepole, zikitokea ndani ya kioo, huku mkewe akitabasamu na kunong'ona "tete, tete," kama anavyoitwa mtoto anayejifunza kwenda.

Ndipo akamleta mganga, mwanamke mtu mzima wa maneno machache. Mganga alisimama mlangoni, akanusa.

"Huyo si mwanenu," alisema. "Ni jini. Amekuta vazi la mwanenu limetupwa, akalivaa. Akifika mbele, anamchukua mama."

Neno *limetupwa* lilimchoma mpiga chapa mpaka ndani. "Basi mfukuze, bibi."

"Mimi nitasoma tu. Wa kumkana ni yule anayemsubiri."

Mama akatikisa kichwa kukataa. Mganga akaanza kusoma, printa ikatapika karatasi tupu, na yule msichana akainua uso. Alikuwa Kidoti, kwa macho yake, kwa alama yake kidevuni.

"Mama, nimechoka kutembea. Nipokee."

Mpiga chapa alipiga magoti kando ya mkewe, akaushika mkono wake. Ulikuwa mifupa mitupu.

"Mama Kidoti, nami nimemsikia," alisema. "Lakini usiniache peke yangu."

Mkewe alimtazama. Kisha akakigeukia kioo.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Rudi ulikotoka."

Msichana hakunguruma wala hakugeuka zimwi. Alilia tu, kilio kilekile cha Kidoti utotoni aliponyimwa kubebwa, akageuka, akarudi na njia yake, akawa doa, na zambarau yote ikamfuata, hadi kioo kikabaki kijivu.

Mama alipona. Alianza kula, mashavu yakarudi. Jioni moja, wakifunga duka, aliuliza bila kumtazama mumewe:

"Na kama alikuwa yeye?"

Mpiga chapa alikuwa ameshika kufuli. Akalibana, akalivuta, akalivuta tena. Swali hilo alikuwa nalo tangu siku ile, na kila siku alikuwa akiomba mkewe asije akaliuliza.

"Twende nyumbani," alisema.

Wakaenda wameshikana mikono.