Hita ya Mama Okinyi

Rafiki yangu Dalmas wa Nyamasaria hapendi kulizungumzia jambo hili. Mkewe, Adero, alifia ndani ya gari lao karibu na Katito, wakikimbilia hospitali. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Baba Okinyi, nasikia baridi." Dalmas akawasha hita, nayo ikampulizia hewa baridi tupu.

Baada ya mazishi alilipeleka gari kwa fundi Waliaula.

"Hita ya nini, bwana, na jua hili?"

"Wewe itengeneze tu."

Waliaula aligundua kuwa maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, na hewa imenasa kwenye mipira inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Akajaza maji, akaitoa hewa. Alipoijaribu tena, joto lilimfanya aondoe mkono haraka.

Wazee walikuwa wamemlaumu Dalmas kwamba hakurudi pale barabarani kuiita roho ya marehemu waende nayo nyumbani, kama ilivyo desturi. Basi mchana huohuo akaenda peke yake, akaegesha palepale, akafungulia hita mpaka mwisho. Jasho na machozi vikamchuruzika pamoja.

"Mama Okinyi, hita imepona. Haya, twende nyumbani."

Feni tu ndiyo iliyovuma. Kisha, upande wa kiti kitupu cha Adero, akasikia krr, krr, krr. Vile vibao vidogo vya kuelekeza hewa vilikuwa vikijigeuza polepole. Vikauacha mlango, vikaelekea pale ambapo Adero angekuwa amekinga viganja vyake.