Usimguse Ghafla

"Ulinikimbia mbele ya wateja wangu wote!" Kinyozi alifoka mlangoni, hata salamu hakutoa.

Fundi miwani aliendelea kuwajazia maji tarantula wake, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Jana yake bwana huyu alimpigia goti saluni bila kumdokezea, wateja wakirekodi kwa simu. Binti wa watu akatimua mbio, pete ikabaki mkononi mwa mwenyewe.

"Sikukukataa. Nilishtuka."

"Mama anasema mfuga buibui ana roho ya buibui. Soma!"

Akamsogezea simu. "Mwanangu, achana naye. Leo naenda kwa rafiki yangu kukuposea binti yake."

Fundi miwani aliiweka simu mezani. Alimpenda kinyozi huyu, na hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Basi kaa unijue," alisema, akionyesha masanduku ya kioo. "Huyu mweusi mpole, hupanda mkononi bila neno. Wa bluu mkali, ukifungua tu anainua miguu na kutoa meno. Wa kahawia..."

Kinyozi, kwa kujitia uanaume, alishatumbukiza kidole kwa wa kahawia. Buibui akajikwangua tumbo kwa miguu ya nyuma, vinyweleo vikaruka, naye akachomoka mbio hadi pembeni. Mkono wa kinyozi ukawasha kama umeguswa na upupu.

"Mkali huyu!"

"Mkali angekung'ata. Huyu mwoga, na watu huwachanganya. Mteja mgeni akiketi, unamdaka kichwa kwa mashine?"

"Hapana. Naweka mkono begani kwanza, namsemesha."

"Mbona mimi ulinivamia?"

Kinyozi alifungulia bomba, akaosha mkono huku akiugulia.

"Nisamehe. Nilidhani unaona aibu kuolewa na kinyozi."

"Naona aibu macho ya watu. Wewe nakupenda."

Simu ikaita. Mama. Kabla kinyozi hajajifuta maji, fundi miwani akaipokea.

"Shikamoo mama. Ni mimi, wa buibui."

"Marahaba. Unataka nini? Nimeshavaa viatu, natoka."

"Usivivue, mama. Ila usiende huko, njoo kwetu. Namtaka mwanao, na baba yangu yupo nyumbani."

Kinyozi aliacha hata kujikuna.

"Na hao wadudu wako?"

"Nakuja nao, mama. Siwezi kukudanganya leo ili unikubali, halafu kesho uwaone."

"Wote?"

"Wote. Nitakufundisha yupi wa kushika na yupi wa kutazama tu."

"Hmm. Na huyo anayelia huko nyuma ni nani?"

"Ni mwanao. Anawashwa. Alimgusa mmoja bila hodi."

Mama alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa.

"Binti yangu, mwambie baba yako nipo njiani. Na huyo mumeo mpake dawa, asije akajikuna mbele ya mkwe wake."