Barua Iliyopotea Mara Tatu

Fundi cherehani wa nyumba ya kona alikuwa mtu wa utaratibu. Hakupitisha mshono wa mashine kabla ya kushikiza nguo kwa uzi wa mkono. "Mshikizo kwanza, mshono baadaye," aliwaambia wanagenzi wake kila siku.

Alhamisi moja mchana, juu ya meza yake ya kukatia hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na kompyuta ndogo kuukuu aliyopewa na dada yake. Shule ya jirani ilitafuta fundi wa kushona sare. Ilitaka barua ya maombi iliyochapwa kwa kompyuta, kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa. Fundi alikuwa ameiandika barua hiyo mara tatu. Mara tatu alizima kompyuta. Mara tatu barua ilipotea.

"Mke wangu, mashine hiyo inakula barua," mumewe alisema, akipiga pasi suruali ya mteja. "Ilishe na ankara zetu za maji."

"Cheka tu! Kazi akipewa mwingine, utapiga pasi hewa."

Mara akaingia jirani yao mkutubi, mama wa makamo, kuchukua gauni lake. Ndiye aliyempa fundi flashi yenye Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta za zamani, kisha akasafiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama kitani?"

Fundi akamweleza. Mkutubi akaitazama flashi, ambayo bado ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta.

"Ulipoiwasha, ilikuuliza nini?"

"Kama nataka kujaribu au kusakinisha. Nikachagua kujaribu. Mimi sikati bila kupima."

"Ulifanya vyema. Lakini umejaribu wiki nzima! Linux yako bado inakaa ndani ya flashi. Haijaingia kwenye kompyuta. Ndiyo maana ukizima, uliyoyaandika yanafutika."

Fundi alijipiga paji la uso. "Kumbe nimeshikiza tu, sijashona!"

"Hapo umenena. Je, kuna kitu chochote cha kutunzwa humu ndani?"

"Picha za harusi ya dada."

"Tuzinakili kwanza kwenye flashi nyingine. Tukisakinisha, vyote vya zamani vitafutika, wala havirudi."

Fundi alizinakili kwa mkono wake, akafungua picha kadhaa kuhakikisha kwamba zimefika salama. Akachomeka chaja, maana betri ilikuwa imechoka. Kisha akachagua kusakinisha, akaweka nywila, akasubiri. Kazi ilipokwisha, maandishi yakatokea: ondoa flashi, kisha bonyeza Enter.

Fundi akabonyeza bila kuondoa kitu. "Sindano haichomolewi mashine ikizunguka," alisema.

Lile swali la zamani likarudi: kujaribu au kusakinisha?

Mumewe akaweka pasi chini. "Basi tena, tumekwisha!"

"Hatujakwisha," mkutubi alisema kwa utulivu. "Kompyuta imeikuta flashi, ikaanza nayo tena. Izime, ichomoe flashi, kisha uiwashe."

Fundi akafanya hivyo. Kioo kikabaki cheusi, wote watatu wakabana pumzi. Kisha kompyuta ikaomba nywila.

Akaandika barua mara ya nne, akaihifadhi. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaizima kompyuta.

"Unafanya nini wewe?" mumewe alipiga kelele.

"Ninavuta mshono, nione kama umeshika."

Akaiwasha. Barua ilikuwepo, neno kwa neno. Mkutubi alipiga vigelegele hata gauni alilokuja kuchukua likamponyoka mkononi.

Ijumaa asubuhi barua ilichapishwa maktaba, na saa nne ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Jumatatu kazi ikawa ya fundi.

Sasa meza imejaa vitambaa vya sare, na kompyuta inatunza vipimo vya kila mwanafunzi. Flashi inaning'inia ukutani kwa uzi wa kushikizia. Mwanagenzi akiuliza ni ya nini, fundi humjibu bila kuinua macho:

"Huo ni mshikizo. Ulifanya kazi yake, tukauondoa."