Mlima Uliopotea Darasani

Kila asubuhi Naeku alifagia uwanja, akajaza ndoo bombani, kisha akanywa chai jikoni pamoja na bibi yake. Nyumbani kwao Lemara wote walimwita bibi huyo Koko, kama Waarusha wanavyowaita bibi zao. Koko alikuwa ameshuka kutoka Olmotonyi wiki mbili tu zilizopita, kuja kutibiwa goti. Alikuja na shuka mbili, kibuyu chake cha maziwa, na vitendawili ambavyo hakuna aliyejua idadi yake.

"Kitendawili," alisema Koko Jumatatu hiyo.

"Tega," alijibu Naeku, mdomo umejaa mkate.

"Naoga moto, na nikishaoga ndipo nanukia."

"Mahindi ya kuchoma!"

"Mahindi hayaogi, yanaiva. Nipe mji."

"Koko, nimechelewa. Mji nitakupa jioni." Naeku alichukua mkoba wake akatoka mbio.

Alikuwa na sababu ya kukimbia. Shule yao ilikuwa na maktaba mpya, na Jumamosi wazazi wangekuja kuifungua. Darasa la sita lilipewa kazi ya kutengeneza picha ya Mlima Meru ya kutundikwa ukutani. Picha hiyo haikuwa ya kuchorwa. Ilikuwa ya kupangwa kwa vipande vya mbao vya mraba, kila kimoja ukubwa wa kifuniko cha soda, elfu moja na mia mbili kwa jumla. Fundi Melkizedeki, seremala wa jirani na shule, alikata mabaki ya mbao zake akawapa gunia zima. Mbao za paini zilikuwa nyeupe, za mgrivea za kahawia, na za mninga nyeusinyeusi. Rangi haikuhitajika.

Mwalimu Anneth alikuwa na programu kwenye kompyuta yake. Ukiipa picha ya mlima, inaigawa katika miraba. Ukiipa picha za vipande ulivyo navyo, inavihesabu kwa rangi, halafu inakuonyesha kila kipande kikae wapi. Vyeupe inaviita namba moja, vya kahawia namba mbili, vyeusi namba tatu. Naeku ndiye aliyechaguliwa kuitumia. Rafiki yake Sinyati alipewa kazi ya kuandika namba kwa penseli nyuma ya kila kipande.

"Gunia lilinyeshewa jana," Mwalimu aliwaambia. "Anikeni vipande siku mbili ndipo mpige picha. Mbao yenye maji haionyeshi rangi yake."

Wakavianika kwenye baraza. Lakini Jumanne saa nne, Yiamat wa darasa la saba alipita, akasimama, akacheka.

"Bado mnaanika dagaa tu? Sisi wimbo wetu wa Jumamosi tumeshaumaliza."

Maneno hayo yalimchoma Naeku. Alichukua simu ya Mwalimu ya kupigia picha, akaanza kazi.

"Naeku, hizi bado mbichi," alisema Sinyati. "Nimezishika."

"Wewe andika namba ninazokusomea. Kompyuta haishiki, inaangalia."

Saa sita Mwalimu Anneth aliuliza, "Zimekauka?"

"Zimekauka, Mwalimu," alisema Naeku. Sinyati alimtazama, akainamisha kichwa.

Jumatano walivitoa vipande guniani, wakavipanga juu ya plaiwudi bila gundi, kwanza waone. Walisoma kutoka kwenye karatasi iliyochapwa na kompyuta: moja, moja, tatu, mbili, tatu. Jioni mlima ulisimama, mweusi na mzito, na anga jeupe nyuma yake. Darasa zima lilipiga makofi.

Alhamisi asubuhi walipofungua mlango wa darasa, mlima haukuwepo.

Plaiwudi ilikuwa palepale na vipande vilikuwa palepale, ila nusu ya mlima ilikuwa imepauka ikafanana na anga. Maji yalikuwa yamekauka usiku. Vipande vingi vilivyoonekana vyeusi vilikuwa paini tupu.

"Mlima umehama!" alipiga kelele Yiamat dirishani. "Nendeni Moshi mkautafute!"

Mwalimu Anneth aligeuza kipande kimoja, kisha cha pili. Nyuma viliandikwa namba tatu.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," alisema Sinyati.

"Umeandika tatu kwenye paini nyeupe? Sinyati, kazi hii ilihitaji macho. Toka kwenye kundi, Jumamosi utakaa na wageni. Mama yako atakuona hapo."

Sinyati alifungua mdomo, akamtazama Naeku, akangoja. Naeku alikuwa akitazama viatu vyake. Basi Sinyati akaweka penseli mezani akatoka nje.

Siku hiyo Naeku hakula shuleni. Alipofika nyumbani saa kumi alimkuta Koko uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Mkononi alikuwa na kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, chenye kaa jekundu kwenye ncha. Alikiingiza ndani ya kibuyu, akakizungusha na kusugua, moshi wenye harufu nzuri ukatoka mdomoni mwa kibuyu.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Ule mji wangu uko wapi?"

Naeku alichungulia ndani ya kibuyu. Kilikuwa kimebadilika kuwa cheusi, laini, hakijaungua.

"Ni kibuyu," alisema polepole. "Kinaoga moto." Halafu akaanza kulia, akaeleza yote: maji, simu, namba, Sinyati.

Koko alipangusa kibuyu kwa kitambaa mpaka Naeku aliponyamaza.

"Mbao nitakusaidia kuziogesha moto," alisema. "Lakini yule mtoto aliyetolewa nje, huyo simwezi. Huyo ni wako."

Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele, Naeku alisimama mbele ya Mwalimu Anneth.

"Mwalimu, Sinyati aliniambia ni mbichi. Mimi nilikataa. Nawe uliponiuliza nilikudanganya. Namba aliandika yeye, lakini nilizisema mimi."

"Kayaseme hayo darasani," alisema Mwalimu.

Naeku aliyasema darasani. Wengine walicheka, wengine waliguna. Kisha alikwenda kwenye dawati la Sinyati.

"Nisamehe."

"Jana ulinyamaza," alisema Sinyati.

"Nilinyamaza. Niliogopa."

"Mama alikuwa ameshanunua kitenge cha kuvaa kesho." Sinyati alifuta macho kwa mkono wa sweta, akasimama. "Haya, twende. Lakini leo mimi ndiye nitakayesema zimekauka."

Koko alifika shuleni akichechemea na fimbo yake, kama alivyoahidi. Kwenye jiko la shule aliweka wavu wa chuma juu ya makaa, akalaza vipande vya paini, akavigeuza kwa koleo. Watoto walisimama mbali kidogo kama alivyowaamuru. Vilivyokaa kidogo vilikuwa vya kahawia, vilivyokaa zaidi vilikuwa vyeusi. Walivipangusa vumbi la moshi kwa brashi. Sinyati alivishika kimoja kimoja, vikavu na vya baridi, na hapo tu ndipo Naeku alipopiga picha upya.

Programu ikahesabu, ikapanga upya. Vipande vyeusi vilipungua kumi na kimoja, lakini makaa yalikuwa yamekwisha. Naeku hakubuni namba. Aliandika kwamba havipo, na kompyuta ikaweka vyeupe kileleni. Jumamosi wazazi walipoingia maktaba, walidhani ni wingu la asubuhi lililokalia mlima, kama wanavyoliona kila siku. Sinyati ndiye aliyebandika kipande cha mwisho, mama yake akitazama katika kitenge kipya.

Koko aliombwa aseme neno.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia wote.

"Anaona mlima mzima, lakini hajui kama mvua imenyesha."

"Kipofu!" "Dirisha!" Yiamat alisema, "Tai!"

Naeku aliinua mkono. "Kompyuta."

"Umepata," alisema Koko. "Wajukuu zangu, mimi niliishia darasa la saba, mashine hiyo siijui. Lakini nimeiona haikumdanganya mtu. Ilimwamini Naeku, ikafuata alichoiambia. Mwalimu alimwamini vilevile, akamtoa nje mtoto asiye na kosa. Akikuamini yeyote, awe mashine au mtu wa damu, mpe kilicho kweli, hata kama kitakuchelewesha siku mbili. Na ukishakosea, usimwache mwenzako abebe. Sema mapema, gundi ikiwa bado haijapakwa."

Kisha akaketi, maana goti lilikuwa likimuuma.