Mgeni Aliyeshuka na Hellen

Mdogo wangu Emmanuel na mke wake Hellen, tangu waoane, hawakuwahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda misibani. Wote wanafanya kazi Dodoma, ofisi tofauti, likizo tofauti. Mwaka huu likizo zikaangukia mwezi mmoja. Hellen, ambaye jioni zake zote huishia kwenye simu akitazama video za watu wanaopanda milima na kulala misituni, akamwambia mumewe, "Kwa nini tutamani misitu ya wenzetu? Si wifi anaishi Tukuyu? Kule mvua hainyeshi, kule mvua inakaa."

Wakaja kwangu.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Singida, ila kazi ilinileta Rungwe na nimeshazoea matope yake. Nilikuwa nimepanga nyumba ndogo Bulyaga, pale Tukuyu mjini, vyumba viwili na sebule, naishi peke yangu. Walifika wakiwa wamenunua makoti ya mvua ya njano, yote mawili sare, pamoja na viatu vya kupandia mlima ambavyo bado vilinuka duka. Hellen alipiga picha kila kitu, mpaka migomba ya uani kwangu. "Emma, tumekuwa watalii!" Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kumwona mdogo wangu akimtazama mtu kwa furaha namna ile.

Asubuhi yake tulikwenda Kinyala, kijiji cha chini ya mlima, kwa bibi Esnath. Huyu bibi nilimfahamu kliniki, anakuja kupima presha, na mwanawe Jotham ndiye aliyekuwa awapeleke msituni. Mimi goti langu halipendi milima, nikabaki na bibi. Tulikunywa chai, tukala viazi vya moto. Jua lilikuwa limetoka vizuri, Mlima Rungwe ukaonekana wote mpaka juu, jambo ambalo mwezi wa saba si la kila siku.

Kabla hawajaondoka Jotham aliwaambia jambo moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

"Huko juu, ukisikia umeitwa jina, usiitike. Ukimtaka mwenzio, mguse."

"Na nikiitika?" Hellen akauliza, simu mkononi, anarekodi.

Jotham alimtazama mama yake. Bibi Esnath akainama, akaendelea kumenya viazi.

Yaliyotokea msituni nayasema kama Emmanuel alivyonisimulia.

Anasema mwanzo ilikuwa raha tupu. Miti mikubwa iliyovaa ukijani laini mpaka kwenye matawi, maji yanadondoka hata mahali ambapo hakuna mvua, ndege wanalia kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Jotham alikuwa mbele anakata njia. Hellen akamfuata. Emmanuel akabaki nyuma kidogo, anajaribu kupiga picha kundi la kima waliokuwa wanarukaruka juu.

Kima wakanyamaza. Ndege nao.

Ukungu ukashuka. Haukuja taratibu kama ukungu unavyokuja. Ulishuka kama pazia.

Ndipo akasikia mtu anaita, "Hellen!" Sauti ilitoka kushoto, nje ya njia. Ilikuwa ya mwanaume, ya kutania, sauti ya mtu anayejificha ili atafutwe. Na Emmanuel anasema nywele zilimsimama, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake yeye mwenyewe. Alijigusa mdomo. Ulikuwa umefungwa.

"Abee!" Hellen akaitika, huku anacheka.

Akaliona koti la njano la mke wake likiacha njia, linaingia kwenye miti. Mbele yake kulikuwa na koti jingine la njano. Mtu mwenye mabega yake, mwendo wake. Mtu yule akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Hellen akaudaka.

Emmanuel alifungua mdomo apige kelele. Sauti haikutoka. Alijaribu kukimbia, na miguu ikawa kama ya mtu aliye ndotoni. Alisimama pale. Akawatazama wakienda, wameshikana mikono, kama wachumba.

Sauti ilipomrudia, Jotham alikuwa amemshika shingo, amemziba mdomo kwa kiganja.

"Usimwite," alimnong'oneza. "Kila ukimwita, kinakusikiliza. Kinajifunza."

Walitafuta mpaka mchana ukaisha. Hawakukuta hata jani lililokanyagwa.

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwa bibi Esnath nilipomwona Hellen anatokea kwenye njia ya shambani, peke yake. Anatabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka pembeni, vidole vimekunjwa kama mtu aliyeshikana na mwenzake. Hapakuwa na mwenzake. Na koti lake upande ule lilikuwa linachuruzika maji. Upande wa pili lilikuwa kavu.

"Wifi, mbona umerudi peke yako? Emma yuko wapi?"

"Wifi nawe! Si huyu hapa?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hellen hakucheka. Alipofika mlangoni alisogea kando, akampisha mtu aingie kwanza.

"Tuna baridi," akasema. "Naomba chai. Na ya Emma, tafadhali, usiweke sukari."

Nilimgeukia bibi Esnath. Kikombe chake kilikuwa kimeanguka na hakukiokota. Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake sikioni.

"Mpe, mwana gwangu. Usimkatalie."

Nikamimina vikombe viwili kutoka kwenye sufuria iliyokuwa bado inachemka jikoni. Nikaviweka mezani. Hellen akanywa chake. Cha pili kilikaa mbele ya kiti kitupu, na mvuke wake ukakatika ghafla, kama moto uliomwagiwa maji. Nilipokishika kukiondoa, chai ilikuwa baridi. Baridi ya kuuma meno.

Kiza kilipoanza kuingia, Emmanuel na Jotham wakatokea. Mdogo wangu alikuwa amechanika uso kwa miiba. Alipomwona mke wake amekaa salama alipiga magoti palepale kwenye matope, akashika mikono yake, analia.

Hellen aliitoa mikono yake polepole, kwa adabu.

"Pole, kaka," akamwambia. "Umelowa sana. Umetoka mbali?"

Emmanuel alicheka kidogo. Akangoja. Halafu akanitazama mimi, na yale macho sitayasahau, macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

Tukarudi na Hellen Bulyaga. Alikataa kuingia kwenye gari mpaka tulipoacha nafasi pembeni yake. Nyumbani aliingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani, na mdogo wangu akalala sebuleni kwenye kochi. Tulimsikia anazungumza. Anauliza, ananyamaza, anacheka. Anauliza tena. Sauti ya pili hatukuisikia hata mara moja. Lakini kitanda tulikisikia kikilia kwa uzito wa watu wawili.

Nilifanya ninayoyajua. Nilimpeleka hospitali, wakapima malaria, wakapima damu, wakapiga picha ya kichwa Mbeya. Kila kitu kizuri. Wakampa dawa za usingizi. Watu wa kanisani kwetu wakaja kuomba, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Hellen aliimba nao vizuri tu, kwa sauti ya pili. Katikati ya wimbo alisogea kwenye benchi, akapisha nafasi, na mama mmoja aliyekuwa amekaa jirani akasimama, akachukua mkoba wake, akaondoka. Nilipomuuliza kesho yake aliniambia, "Kuna mtu aliniegemea, Vero."

Na Hellen alikuwa anapoa. Sina neno jingine. Kila asubuhi nywele zake zililowa. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Nilipompima joto nilidhani kipimo kimeharibika. Nikajipima mimi, kikasoma sawa. Nikampima tena yeye. Nikakificha kipimo mfukoni ili Emmanuel asikione.

Tulirudi kwa bibi Esnath, mimi na mdogo wangu. Alitukaribisha jikoni, akafunga mlango ingawa moshi ulikuwa mwingi.

"Bibi, tusaidie," Emmanuel akasema. "Tufanye nini? Sema chochote."

"Sisi hatukitoi, mwana gwangu. Sisi tunakikwepa tu. Tangu babu zetu, tunakikwepa."

"Kinataka nini?"

"Kinataka kukaribishwa. Huko juu kuna baridi. Kinashuka na aliyeitika, kinalala naye, kinaota joto lake mpaka linaisha. Likiisha kinarudi." Akafuta macho, sijui kwa moshi au kwa nini. "Kyala, Mungu wetu, awasaidie. Mimi sina."

Tukarudi Bulyaga.

Siku ile jioni nilikuwa jikoni napika ndizi. Hellen alikuwa mezani, amejifunika mablanketi, midomo ya bluu, bado anatabasamu. Mbele ya kiti cha pembeni yake alikuwa ameweka sahani. Nikasikia Emmanuel anavuta kiti, anakaa upande wa pili wa meza. Akaanza kuongea, kwa sauti ya chini, na hakuwa anaongea na Hellen.

"Nakuomba. Huyu anakufa. Akifa utarudi kule kwenye baridi."

Akasogeza kiti karibu na meza.

"Mwache mke wangu. Joto si lazima liwe lake."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Sikuweza kuutia kwenye sufuria wala kuuweka chini.

"Kaa na dada Vero," mdogo wangu akasema. "Dada ana nafasi. Hana mume. Anaishi peke yake."

Nilitaka kutoka. Nilitaka kuingia pale sebuleni nimzabe kofi, nipige kelele, nikatae. Mimi ni mtu mzima, nimeshashika maiti kwa mikono hii. Miguu haikunyanyuka. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Ndipo nikaelewa alichoniambia kuhusu msituni, kusimama na kutazama.

Nikamsikia Hellen anacheka kidogo, kama mtu aliyenong'onezwa jambo la kufurahisha.

"Anasema sawa," akasema. "Anasema wifi ana moyo wa joto."

Ndizi ziliungua. Hakuna aliyeuliza.

Asubuhi Hellen alifungua mlango mwenyewe, nywele kavu. Akamwona Emmanuel kwenye kochi. "Emma! Mbona umelala huku? Mbona umekonda hivyo? Tumerudi lini kutoka mlimani?" Mdogo wangu alimkumbatia akashindwa kumwachia. Mimi nilimpima joto. Lilikuwa la mtu mzima wa afya. Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu, nilifurahi kwa dhati.

Waliondoka siku hiyohiyo. Hellen alinikumbatia. "Wifi, mwakani tunarudi, safari hii tunalala hukohuko!" Emmanuel alinishika mkono, akatazama viatu vyake. Hakusema samahani, nami sikumwambia kwamba nilisikia. Angefanya nini? Ndivyo ninavyojiambia. Siku nyingine jibu hilo linanitosha. Siku nyingine halitoshi.

Usiku wa kwanza hakuna kilichotokea. Wa pili pia. Nikaanza kusema moyoni kwamba labda kilikuwa kichaa cha muda, sote tuliambukizana hofu. Halafu nikaanza kuamka asubuhi na blanketi limelowa upande mmoja.

Nikahama. Nilimwachia mwenye nyumba kodi yake, nikapata chumba karibu na hospitali, nyumba mpya, sakafu ya saruji iliyopigwa juzi tu, dirisha linapigwa na jua. Nilikisugua chumba kwa dawa zote tunazotumia wodini. Wiki nzima nililala vizuri.

Mwezi uliopita nilivuta kitanda ili nifagie. Chini yake, kwenye saruji, kulikuwa kumeota ule ukijani laini unaoota kwenye magogo ya msituni. Haukuwa umesambaa. Ulikuwa umeota sehemu mbili tu, bega kwa bega, kwa umbo la nyayo za mtu mzima aliyesimama bila viatu. Vidole vyote vilionekana. Vilielekea ukutani.

Niliukwangua kwa kisu, nikamwaga mafuta ya taa, nikaanika sakafu mchana kutwa madirisha yakiwa wazi. Ulikwisha kabisa, nikaona kwa macho yangu.

Leo asubuhi nimekivuta tena kitanda. Umeota upya, mbichi, una matone ya maji ingawa mvua haijanyesha. Nyayo ni zilezile. Ila vidole sasa vimegeuka, vinaelekea upande ninaoweka mto.