Sanamu Iliyorudi Bila Kukaribishwa

Mungu wao ni mtoto, na mtoto gani anakataa pipi? Kila alasiri mganga Bunhok alipopandwa na mungu huyo, pale kwenye madhabahu ya sebuleni, mjini Tainan, alirukaruka, akafyonza pipi na kuwachekea wagonjwa. Leo alizitema.

"Nipe wali," alisema kwa sauti kavu. "Vijiti uvisimamishe katikati."

Wagonjwa wakatazamana. Wali wa namna hiyo huandaliwa maiti.

Alipozinduka, mkewe Siokhun alimvutia jikoni. "Sanamu uliikaribisha?"

Sanamu ya mungu ilikuwa imetoka kwa fundi kuzibwa matundu ya mchwa. Kabla ya kupelekwa, mungu huombwa atoke. Ikirudi, huombwa aingie. Bila hivyo ni nyumba tupu, na mizimu isiyo na makao ni mingi.

"Watu walijaa mlangoni, ningewaambia nini? Nitafanya kesho. Acha woga, Bi Chumvi." Jina hilo alimtania nalo wakiwa wawili tu, tangu supu ya kwanza ya ndoa yao iliyozidi chumvi.

Kesho yake wagonjwa walimwahi tena. Alipandwa, akazinduka akinuka tope la kaburi. Usiku ule alikunywa supu yenye chumvi kali hadi tone la mwisho, asimtanie.

Asubuhi Siokhun alimleta kuhani, Mzee Ang. Mzee alinusa sanamu, akarudi nyuma.

"Kuna mtu humu. Tuichome."

"Choma, mzee," Bunhok alisema upesi, akitabasamu.

Waliwasha moto uani. Siokhun aliipakata sanamu kwa mara ya mwisho, na alipoinama kuitupa akahisi kitu kikigonga ndani ya mti, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, na harufu ya tope ikamjia, si kutoka kwenye sanamu bali kutoka nyuma yake, alikosimama mumewe, akageuka kumtazama, sanamu ikamponyoka, ikaangukia katikati ya moto.

"Bi Chumvi," sauti ikalia ndani ya ndimi za moto, "ni mimi! Nitoe!"

Siokhun alipiga yowe, akaingiza mikono motoni. Vidole vyenye baridi vikamshika mabega, vikamrudisha nyuma taratibu.

"Mwache," Bunhok alimnong'oneza. "Twende ndani, mke wangu. Nina njaa."