Salvia Nyeusi ya Mbuya

Jioni ile Mwanawetu alipanda kilima cha Mbuya akiwa na kisu kikali, kitambaa kibichi na mfuko wa nailoni. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kukata vipande vichache vya matawi ya ua, kuvizungushia kitambaa visinyauke, kisha kurudi zake Makindye kabla giza halijashika. Ungekutana naye njiani ungedhani huyu mama anakwenda kuchuma mchicha.

Lakini haki ya Mungu nawaambia, siku ile alikuwa anakwenda kumkomboa mumewe.

Mumewe aliitwa Sadiq, na alikuwa amechukuliwa. Zama zile za wanajeshi watu walisema hivyo tu, "amechukuliwa," na hakuna aliyethubutu kuuliza amechukuliwa na nani. Alitoka asubuhi na mkokoteni wa miche kwenda sokoni Nakasero, amevaa sweta la kijani alilofumiwa na mkewe. Gari likasimama. Wanaume wa miwani myeusi wakamwambia kuna maneno machache tu ya kujibu, atarudi sasa hivi. Wachuuzi wenzake ndio waliourudisha mkokoteni, na miche yote ilikuwamo, hata mmoja haukuvunjika.

Tangu hapo Mwanawetu hakuwa mke wala mjane. Angekaa eda kwa maiti ipi? Angempikia nani? Watu wakimuuliza habari za nyumbani anajibu "njema," kisha anaingia ndani anauma pembe ya kanga ili kilio kisitoke.

Ndipo akatokea Kapteni.

Bi Naila, mke wa Kapteni, alikuwa ameona ua kwenye picha ya gazeti la kizungu, nalo lilimkosesha usingizi. Salvia nyeusi. Shina jeupe lenye gundi, majani ya kijivu, na ua jeusi kabisa, jeusi kama kaniki. Salvia hiyo huku kwetu haitoi mbegu ya kutegemea. Ukiitaka, lazima ukate tawi lake ulioteshe mizizi nyumbani, na Kampala nzima anayeiweza kazi hiyo alikuwa Mwanawetu.

"Wewe mama," Kapteni alimwambia, amekaa garini, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Mtoto yangu naolewa. Mama yake nataka hii maua kwa ngazi. Fanya kazi muzuri, bwana yako narudi nyumbani."

"Kwani yu hai, afande?"

"Mimi nasema narudi."

Mwanawetu akamwambia kwamba ua hilo aliliona mahali pamoja tu, nyumbani kwa Bi Shirin huko Mbuya. Bi Shirin alikuwa mke wa daktari wa Kihindi, na ndiye aliyemfundisha kukata salvia, kabla Wahindi hawajafukuzwa na nyumba yake kuachwa tupu. Kapteni aliposikia nyumba hiyo ikitajwa aliwasha kiberiti. Akavuta sigara mpaka ikakaribia kumchoma vidole. Halafu akacheka.

"Haya, kwenda. Lakini hapana chimba. Kata juu tu."

Mwanawetu alidhani afande hajui mambo ya maua. Nani anachimba shina akitaka tawi? Maskini ya Mungu.

Sasa, watu wa kwao wana desturi yao, waliyokuja nayo mababu kutoka pwani. Hukati tawi la mtu bila kubisha hodi. Hata kama mwenyewe hayupo, hata kama pamekuwa pori, unabisha, unangoja, ndipo unakata. Na tawi lile, mpaka lishike mizizi, unaliita kwa jina la mwenye udongo lilikotoka. Ukikosea jina, linaoza. Kwa hiyo nyuma ya nyumba ya Mwanawetu vipande vya matawi vimechomekwa mchangani, kila kimoja kimefunikwa chupa ya jemu, na kila asubuhi mama huyu anapita akivisalimu. "Nanyama, umeamkaje? Acayo, mbona umelegea mwenzangu?" Jirani yake Phelister, fundi cherehani wa kutoka Kisumu, alikuwa akimcheka mpaka anashika mbavu.

Basi akasimama penye geti la Bi Shirin.

"Hodi."

Juu ya paa walikuwa wamejipanga kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula mizoga. Walikuwa wengi mno kwa nyumba ambamo hakupikwi.

"Hodi!"

"Karibu."

Sauti nzito… ya chini… ya mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. Ilitoka uani. Mwanawetu akasema moyoni, kumbe kuna mlinzi. Akaitikia "ahsante," akafungua waya wa geti, akazunguka nyuma ya nyumba.

Hakukuwa na mlinzi.

Kulikuwa na salvia. Siku za Bi Shirin mmea huo uliishi kwenye chungu, mdogo, wa kubembelezwa. Sasa ulikuwa ardhini na umemzidi kimo, umefumuka maua meusi kila upande. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu, umetifuliwa, umeinuka mwinuko mrefu mpaka ukutani. Kiatu chake kikazama.

Majani ya salvia ile yananukia utamu, karibu na zambarau zilizoiva. Lakini chini ya utamu ule kulikuwa na harufu nyingine… nzito… ya bucha iliyofungwa na nyama ndani.

Akaziba pumzi, akakata. Gundi ya shina ikamnata vidoleni. Shina lile hunasa kila kinacholigusa, na lilikuwa limenasa nzi, vinyoya, hata kipande cha uzi. Hakuwa na muda wa kusafisha. Alikuwa anafunga kitambaa chake adhana ya magharibi ilipoanza kusikika kutoka mbali.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu akashusha pumzi.

Mwanawetu hakugeuka. Alikwenda mbio mpaka akasahau kufunga geti, na viatu akavivulia njiani.

Hata hivyo kazi ni kazi. Aliosha mchanga, akaukaanga kwenye kikaango ili kuua ukungu, akauacha upoe. Kila tawi alilikata chini kidogo ya kifundo, akapukutisha majani ya chini, akalichomeka, akafunika chupa. Kisha akaliita jina. "Shirin," alisema. "Bi Shirin wangu, nishikie."

Mashina yakaanza kuwa meusi tangu chini.

Akafikiri: Bi Shirin kafukuzwa, udongo si wake tena. Wa nani basi? Nyumba zote za Wahindi zilikuwa mali ya serikali. Akaziinamia chupa, akaita, "Serikali." Wallahi, kulipokucha matawi aliyoyaita hivyo yalikuwa uji, na uvundo wake ulimtapisha. Akajaribu "Kapteni." Majani yakadondoka siku hiyo hiyo.

Yakabaki matawi machache tu, na harusi ilikuwa inakaribia.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Chupa ya kufunika mche hutoka jasho kwa ndani, hilo kila mkulima wa maua analijua. Lakini jasho la chupa hizi halikutulia. Jua likizama, ukungu ulipanda kwenye kioo… ukafutika… ukapanda… ukafutika.

Phelister alikuja jioni moja kuazima chumvi, maana chumvi nayo ilikuwa imeadimika. Akachungulia. Kicheko kikamwisha.

"Dada," akanong'ona, "hiyo kitu inapumua."

"Ni joto tu."

"Joto gani? Nyasaye, Mungu wangu! Mimi nimelala na watu, najua pumzi. Tupa hiyo kitu, Mwanawetu. Tupa leo."

"Nikiitupa nimemtupa mume wangu!" Mwanawetu akafoka, na hapo uchungu wote ukamtoka. "Nifanyeje mimi? Nimuite nani tena? Sadiq, baba, nifanyeje?"

Chupa zote zikajaa ukungu kwa mara moja.

Phelister akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Ukungu haukufutika. Ulibaki palepale, mzito, mweupe, kama mtu aliyebana pumzi asikie vizuri anaitwa na nani.

Alfajiri Mwanawetu akainua chupa ya kwanza. Tawi lilikuwa limesimama, kichwani lina jani jipya. Akalishika kwa vidole viwili akalivuta kidogo tu, vile unavyojaribu kama limeshika mizizi.

Nalo likamvuta.

Akaliachia. Akakaa chini kwenye umande. Na alipokuwa amekaa pale, macho yake sawa na lile shina jeupe, akakiona kile kipande cha uzi kilichonaswa na gundi tangu Mbuya. Uzi wa sufu. Wa kijani. Umepindana kwa namna ya uzi uliowahi kufumuliwa na kufumwa tena, kwa sababu sufu mpya haikupatikana, naye alikuwa amefumua sweta lake mwenyewe la shule ili amfumie bwana harusi wake.

Mwanamke hawezi kukosea uzi uliopita vidoleni mwake.

Hapana chimba. Kata juu tu.

Kumbe afande alikuwa anajua! Alimtuma mke wa mtu, na kisu mkononi, akakate ua juu ya kifua cha mumewe, kisha akamwahidi mume huyo huyo kuwa ujira. Mwanawetu akafungua kinywa. Phelister, aliyekuwa amekesha naye, akakiziba kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu, kwa sababu kambi ya wanajeshi haikuwa mbali na kulia kwa sauti nako kulikuwa kosa. Walikaa hivyo mpaka jua likatoka.

Matawi yote yaliyobaki akayaita Sadiq. Yote yakashika.

Wiki ya harusi Kapteni alikuja na mkewe kuichukua miche. Bi Naila alishuka garini anacheka, mikono ina hina, mama wa watu asiyejua lolote. Kapteni alibaki kwenye usukani.

"Mashallah! Mwanawetu, mikono yako ina baraka!"

"Baraka za mwenye udongo, bibi," Mwanawetu akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ila kwetu kuna desturi. Mche haupokewi hivihivi. Unaukaribisha kwa jina lake, kwa kinywa chako, ndipo unakaa."

"Desturi nzuri. Jina lake nani?"

Mwanawetu hakumtazama Bi Naila. Alimtazama yule aliyeko kwenye usukani.

"Sadiq."

Sigara ikamdondoka Kapteni mapajani. Akaipukuta, akafungua mdomo aseme neno. Neno gani? Angesemaje mbele ya mkewe?

Bi Naila alikwishaukumbatia mche. "Basi karibu Sadiq," akasema kwa furaha, akiuweka kwenye kiti cha nyuma. "Karibu kwetu. Ingia ndani, nyumba ni yako."

"Na mume wangu, afande?" Mwanawetu akauliza, ameinama dirishani. "Anarudi lini?"

Kapteni akawasha injini. Gari lilipoondoka, jani moja la salvia lilikuwa limemnata kwenye kola, nyuma ya shingo.

Yaliyofuata hayajulikani vizuri, na mimi siwezi kuwadanganya. Phelister alikuwa akimshonea nguo mpishi wa nyumbani kwa Kapteni, na ndiye aliyeleta maneno. Kwamba harusi ilifana na maua yalisifiwa. Kwamba baada ya harusi Kapteni alianza kuinuka mezani kila magharibi, akisema kuna mtu anabisha hodi, naye mkewe hasikii kitu. Alizima redio. Akabadilisha askari wa getini. Akaamuru maua yang'olewe, na mtunza bustani aliyejaribu alisema mizizi imepita chini ya ngazi, imeingia chini ya nyumba, haina mwisho.

Jioni moja Kapteni akajibu. Mpishi alimsikia kwa masikio yake akisema "karibu," taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Akatoka nje bila viatu. Hakuonekana tena. Wengine wanasema ni wenzake waliomchukua, maana hata wao kwa wao walikuwa wanachukuana, na huenda ni kweli. Lakini askari wa getini aliapa kwamba geti halikufunguliwa.

Nanyi msidhani Mwanawetu alifurahi. Kapteni kupotea hakukumrudishia kitu. Nyumba ya Mbuya iliwekewa walinzi, na ule udongo mwekundu hakuna aliyeruhusiwa kuusogelea, hata kusoma Fatiha.

Alibakiza mche mmoja. Uko kwenye chungu kidogo, dirishani, bado umefunikwa chupa ingawa hauhitaji tena. Na kila jua likizama ukungu unapanda kwenye kioo, kisha mlangoni anasikia.

"Hodi."

Sauti anaijua. Ameilalia kifuani miaka. Akiitikia karibu, amekubali kwamba aliyeko nje ametoka kaburini, na kesho yake itabidi ajifungie ndani akae eda. Asipoitikia, mumewe anabaki pale nje kwenye baridi, na sweta lake limefumuka.

"Utamjibu lini, dada?" Phelister humuuliza kwa kunong'ona, mlango wa kwake ukiwa umefungwa kwa makomeo yote.

"Kesho," Mwanawetu husema.

"Hodi…"

Mwanawetu anavuta ungo, anainamisha kichwa, anaendelea kuchambua mchele. Anapika wa watu wawili.